Vipimo Vikiwa Safi na Hofu Ikabaki

Wasiwasi uliopindukia kuhusu ugonjwa ni hali ambayo mtu huogopa bila kukoma kwamba ana maradhi makubwa, ilhali dalili za mwilini hazipo au ni ndogo, na majibu mazuri ya daktari humtuliza kwa siku chache tu kabla ya hofu kurudi. Zamani hali hii iliitwa hipokondria. Mwaka 2013 Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani kiliachana na jina hilo na kuigawa hali yenyewe katika maradhi mawili, lakini Shirika la Afya Duniani (WHO) limelibakiza katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022, likiliweka katika kundi la maradhi yanayomlazimisha mtu kukagua jambo lile lile tena na tena. Uainishaji wa WHO unaelekea kuwa karibu zaidi na yale yanayoonekana kliniki.

Katika mitaa kama Ruring'u, mjini Nyeri nchini Kenya, hofu hii haizuki hewani. Kaunti ya Nyeri ilipochaguliwa mwaka 2018, pamoja na Kisumu, Machakos na Isiolo, kuujaribu mpango wa afya kwa wote, sababu iliyotolewa kwa Nyeri ilikuwa wingi wa magonjwa yasiyoambukiza, yakiwemo presha na kisukari. Wangari Maathai, mzaliwa wa Ihithe katika kaunti hiyo hiyo, alifariki kwa saratani ya ovari mwaka 2011, na Julai 2019 Wakenya waliwapoteza ndani ya majuma machache Bob Collymore wa Safaricom, mbunge Ken Okoth na gavana Joyce Laboso, wote wakiwa wameuawa na saratani. Kwa hiyo mwenye hofu haogopi jambo lisilokuwepo. Anachokosea ni kukadiria uwezekano wa jambo hilo kumpata yeye, leo, kwa sababu ya kichomi alichokihisi asubuhi.

Jinsi hofu inavyojilisha yenyewe huonekana vizuri kwenye duka la dawa. Mtu huingia akiwa ametembea haraka, akakaa kwenye kibao, mkono ukafungwa mshipi wa kipimo cha presha, na kabla mashine haijaanza kuvuma moyo umekwisha kwenda mbio, kwa kuwa homoni ya adrenalini, ambayo mwili huitoa wakati wa hatari, hukaza mishipa na kuongeza mapigo. Kipimo husoma juu, hofu huongezeka, na cha pili huweza kusoma juu zaidi. Ndiyo maana utaratibu sahihi hudai mtu apumzike dakika 5, mkono ukiwa umeegemezwa, na matokeo ya siku kadhaa yalinganishwe kabla ya kuitwa mgonjwa. Vivyo hivyo tezi ya shingoni inayobonyezwa kila saa huanza kuuma, na maumivu hayo yakachukuliwa kuwa ushahidi.

Tumbo nalo lina mtego wake. Bakteria aitwaye Helicobacter pylori huishi katika matumbo ya watu wengi sana Afrika, na tangu 1994 ametambuliwa kuwa miongoni mwa visababishi vya saratani ya tumbo, ingawa wengi walio naye hawapati saratani hiyo maisha yao yote. Kipimo cha damu cha bei nafuu hutafuta kingamwili, yaani protini za kinga ambazo mwili ulizitengeneza dhidi ya bakteria huyo, nazo huweza kubaki kwenye damu miezi au miaka baada ya bakteria kuuawa na dawa. Mtu aliyepona hurudi maabara, akaambiwa bado anaye, akanunua dawa tena. Hapa lawama, kwa haki, haimwangukii mgonjwa bali kipimo kisichofaa kwa swali lililoulizwa. Kipimo cha choo au cha pumzi ndicho hujibu kama bakteria bado yupo.

Wapo pia wanaoikwepa hospitali kabisa, wakihofia kuambiwa, na hao huhesabiwa kuwa na hali hiyo hiyo. Utafiti wa Sweden uliochapishwa mwaka 2023 ulionyesha kwamba watu waliogunduliwa kuwa na hipokondria walikufa wakiwa na umri wa wastani wa miaka 70, dhidi ya 75 kwa wenzao, na hatari yao ya kujiua ilikuwa kubwa zaidi. Si maradhi ya kuchekwa.

Tiba yenye ushahidi ni ushauri wa kisaikolojia unaomfundisha mgonjwa kuipima fikra yake na kupunguza ukaguzi hatua kwa hatua. Dawa za mfadhaiko pia huwasaidia baadhi. Nchini Uingereza utafiti wa wagonjwa 444 uliotolewa katika jarida la Lancet mwaka 2014 uligundua kwamba ushauri huo huleta nafuu hata unapotolewa na wahudumu wasiokuwa mabingwa, wakiwemo wauguzi, na uchambuzi wa baadaye uliwaonyesha wauguzi kuwa ndio waliofanikiwa zaidi. Kwa kuwa Nyeri ina tawi la chuo cha mafunzo ya tiba cha KMTC kinachofunza wauguzi, ni vigumu kuona kwa nini somo hili lisifundishwe hapo.

Anayemeza kwa shida, anayepungua uzito bila sababu, au anayetapika damu aende hospitali bila kusita. Aliyekwisha kuchunguzwa ipasavyo na bado hofu haimwachi amchague daktari mmoja, amweleze wazi kwamba hofu yenyewe ndiyo inayomsumbua, na aombe itibiwe.