Diski Kubwa Katika Kompyuta ya Zamani: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kununua

Mlaji anaweza kununua diski ngumu ya terabaiti 3 au 4, akaifunga katika kompyuta ya zamani, kisha kompyuta ikaonyesha sehemu tu ya ukubwa uliolipiwa au isiione diski kabisa. Hali hiyo haimaanishi moja kwa moja kwamba diski ni mbovu. Huenda chanzo ni ukomo wa kompyuta yenyewe. Kuuelewa ukomo huo mapema humwepusha mlaji na hasara ya fedha, na pia kupoteza mafaili yake.

Kwa nini kompyuta haioni ukubwa wote?

Diski huhifadhi taarifa katika vyumba vidogo, na kila chumba huhesabiwa kuwa na baiti 512. Kompyuta hukifikia kila chumba kwa namba yake. Namba zikiisha, vyumba vinavyobaki havifikiwi, ingawa vipo.

Ukomo wa kwanza ni wa gigabaiti 137. Unazikabili kompyuta za kabla ya mwaka 2002 hivi, ambazo hutumia namba za biti 28. Windows XP ilipotoka ilikuwa na ukomo huo, nao uliondolewa na Service Pack 1 ya mwaka 2002. Hata hivyo, BIOS, yaani programu inayoiwasha kompyuta, nayo sharti iwe na uwezo wa kutumia namba za biti 48.

Ukomo wa pili ni wa terabaiti 2.2 hivi. Unatokana na MBR, utaratibu wa zamani wa kugawa diski, unaotumia namba za biti 32. Utaratibu mpya wa GPT hauna kikwazo hicho. Windows Vista na matoleo yaliyofuata husoma diski ya GPT ya kuhifadhia mafaili. Windows XP ya biti 32 haiisomi. Kuwasha Windows kutoka diski ya GPT kunahitaji kompyuta yenye UEFI badala ya BIOS ya zamani.

Upungufu usio kasoro

Watengenezaji huhesabu terabaiti 1 kuwa baiti trilioni 1, ilhali Windows huhesabu kwa mafungu ya 1,024. Kwa hiyo diski ya terabaiti 1 huonekana kuwa na gigabaiti 931 hivi. Tofauti hiyo ni ya kawaida.

Hatua za kuchukua

1. Kabla ya kununua, tambua mfumo endeshi wa kompyuta yako, umri wake na aina ya kebo ya diski: IDE ni bapa na pana, SATA ni nyembamba.
2. Nakili mafaili yako mahali pengine kabla ya kubadili chochote. Kugeuza MBR kuwa GPT kwa zana ya kawaida ya Windows hudai kufuta kwanza yote yaliyomo.
3. Uliza kama mtengenezaji ametoa toleo jipya la BIOS. Kazi hiyo apewe fundi mwenye ujuzi, kwa kuwa umeme ukikatika katikati, kompyuta huweza isiwake tena.
4. Ukomo wa terabaiti 2.2 usipoondoka, chagua diski isiyozidi terabaiti 2.
5. Usiendelee kuhifadhi mafaili katika diski ambayo ukubwa wake unasomwa vibaya. Taarifa mpya huweza kuandikwa juu ya zile za awali na kuziharibu.

Haki yako

Nchini Tanzania, Sheria ya Mauzo ya Bidhaa (Sura ya 214) inatambua kwamba mnunuzi akimweleza mfanyabiashara matumizi anayokusudia na kutegemea ujuzi wake, bidhaa inapaswa kufaa kwa matumizi hayo. Kwa hiyo, mtajie muuzaji aina ya kompyuta yako, umwombe aiandike kwenye risiti.

Diski ikionyesha upungufu, ijaribu katika kompyuta mpya zaidi. Ikionekana yote, ukomo uko katika kompyuta yako. Jihadhari, hata hivyo: diski bandia huweza kuonyesha ukubwa wote, kisha mafaili yakaharibika inapojazwa. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji. Rudi kwa muuzaji ukiwa na risiti. Asipokusikiliza, wasilisha lalamiko lako Tume ya Ushindani.