Seva ya Nyumbani Ikikataa Kuamka

Katika jarida letu tumezoea kusoma mashairi, hadithi na mafumbo, nami pia huyapenda, lakini mwaka huu nimeona heri niandike juu ya jambo ambalo wengi hudhani haliwezi kuelezwa kwa Kiswahili. Mwenzangu mmoja darasani aliniambia waziwazi kuwa mambo ya kompyuta ni ya Kiingereza, nikijaribu kuyaandika kwa Kiswahili nitakwama kwenye aya ya pili. Basi na tuone.

Seva ya nyumbani si kitu cha ajabu. Ni kompyuta tu, mara nyingi ile kuukuu iliyouzwa bei rahisi na ofisi fulani, ambayo kazi yake ni kuweka faili za watu wa nyumba na kuzigawa kwa simu na kompyuta nyingine kwa waya au kwa waifai. Ya mjomba wangu iko chini ya meza ya televisheni. Mjomba hupiga picha za harusi, na ndani ya lile sanduku mna picha za miaka 11, za wateja na za jamaa, zikiwemo picha za nyanya yetu aliyetutoka. Ina diski tatu. Moja ni ndogo, ya gigabaiti 120, nayo hubeba mfumo wenyewe, yaani Debian. Mbili ni za terabaiti 1 kila moja na ndizo zenye picha. Hizi mbili ni pacha: kila kinachoandikwa kwa moja huandikwa na kwa nyingine papo hapo, ili moja ikifa nyingine iendelee na kazi. Wazo la kuunganisha diski za bei nafuu namna hii lilielezwa mwaka wa 1988 na Patterson, Gibson na Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, nao wakalipa jina la RAID.

Sasa tuje kwa kiini. Kiini ndicho mnyapara wa kompyuta. Programu ikitaka kumbukumbu, ikitaka kusoma diski au kutuma kitu nje, lazima ipitie kwake. Kiini kinachotumiwa na Debian ni Linux, kilichoanzishwa mwaka wa 1991 na Linus Torvalds alipokuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, kule Ufini. Hadi leo kinaendelea kurekebishwa, ndiyo maana kila baada ya muda mashine huletewa kiini kipya. Hapo ndipo matata huanza, kwa sababu programu nyingine ikiharibika unaweza kuitengeneza mashine ikiwa macho, lakini kiini kikikataa, mashine yenyewe haiamki.

Ili uelewe kwa nini, fuata safari ya kuamka. Ukibonyeza kitufe, programu ndogo iliyo kwenye ubao wa kompyuta huamka kwanza, kisha humpokeza kijiti GRUB. Kazi ya GRUB ni kuchagua kiini, kukipakia kwenye kumbukumbu na kukipa maagizo yake. Lakini kuna kitendawili hapa. Ili kiini kisome diski kinahitaji viendeshi, na viendeshi vingi vimo ndani ya hiyo hiyo diski! Ni kama ufunguo uliofungiwa ndani ya nyumba. Kwa hiyo GRUB hupakia pamoja na kiini kifurushi kidogo kiitwacho initramfs, chenye viendeshi vya lazima tu. Kiini hutumia kifurushi hicho kufungulia mlango, halafu huingia kwenye mfumo wenyewe. Kifurushi kikipotea au kikiharibika, kiini hubaki nje ya mlango.

Hayo ndiyo yaliyotokea kwa mjomba. Mashine ilikuwa ikisakinisha kiini kipya, na dakika ile ile inamaliza, stima ikapotea mtaa mzima. Iliporudi, skrini ikajaa maandishi meupe, na mstari wa mwisho ukasema kuwa kiini kimeshindwa kuufungua mfumo mkuu wa faili, kwa hivyo kimeshikwa na hofu na kusimama. (Ndivyo kinavyosema chenyewe, hofu!) GRUB ilikuwa imeshaandikiwa jina la kiini kipya, lakini kifurushi chake hakikufika diskini kizima, kwa maana data hukaa kwanza kwenye kumbukumbu kabla ya kuandikwa.

Mjomba akamwita fundi mmoja. Fundi akatazama skrini, akatikisa kichwa, akasema diski zimekufa, afomati zote aweke mfumo mwingine. Mjomba alikuwa karibu kukubali. Nikamwambia, "Mjomba, tafadhali tungoje kwanza. Diski iliyokufa haiwezi kufikisha GRUB hapo." Akanitazama. "Mpwa wangu, picha za mama zimo humo. Una hakika?" Nikamjibu kwamba jambo ninalotaka kujaribu halifuti chochote.

Na kweli halifuti. Debian ikiweka kiini kipya haitupi kile cha zamani papo hapo. Mashine inapoanza, shika kitufe cha Shift kwa kompyuta za zamani, au gonga Esc kwa zile mpya, na orodha ya GRUB itajitokeza. Ndani yake mna mstari wa chaguo za ziada, na humo viini vyote vilivyosakinishwa vimepangwa kwa nambari zao. Tukachagua cha zamani, mashine ikaamka kana kwamba hakuna lililotokea. Fundi alikunywa chai yake akaenda zake.

Mashine ikishaamka, kazi iliyobaki ni ya dakika chache. Kwanza tulitazama kama kuna nafasi katika saraka ya /boot kwa amri ya df, kwa sababu saraka hiyo ikijaa vifurushi vipya haviandikiki, na hiyo pia ni njia ya kawaida sana ya kupata balaa kama letu. Kisha tukatoa amri ya dpkg --configure -a, ambayo humalizia usakinishaji uliokatizwa. Halafu update-initramfs, tukiitajia nambari ya kile kiini kilichoharibika, na mwisho update-grub. Kuna watu ambao huiambia update-initramfs itengeneze vifurushi vya viini vyote kwa mpigo. Mimi naona si busara. Kwa nini uguse kile kimoja kinachokuamsha?

Sasa maagizo. Katika orodha ya GRUB ukibonyeza herufi e utaona mistari kadhaa, na mmoja huanza na neno linux. Mwisho wa mstari huo ndiko maagizo ya kiini yalipo, na unaweza kuongeza au kupunguza, kisha ubonyeze Ctrl na X pamoja. Uzuri wake ni kwamba ulichobadilisha hapo ni cha safari hiyo moja tu. Ukizima na kuwasha, mambo hurudi yalivyokuwa. Ukitaka yadumu, ndipo unapoandika katika faili ya /etc/default/grub na kutoa amri ya update-grub.

Agizo la kwanza ambalo ningemshauri mtu aliguse ni quiet, na ningemshauri aliondoe. Neno hilo hukinyamazisha kiini ili skrini ipendeze. Likiondoka, kiini husema kila hatua, nawe unaona kiliposimamia. Lingine ni ro, ambalo huamuru mfumo mkuu ufunguliwe kwa kusomwa tu mwanzoni, ili ukaguzi ufanywe kabla ya kuandika chochote. Ukaguzi wa lazima unaweza kuuitisha kwa fsck.mode=force. Skrini ikibaki nyeusi kwa sababu ya kadi ya picha, nomodeset husaidia. Ukiandika systemd.unit=rescue.target mashine huamka nusu nusu, bila huduma nyingi, ikiwa na amri za matengenezo na nywila ya msimamizi ikidaiwa. Aidha kuna init=/bin/bash, ambalo hukuingiza ndani bila kuulizwa nywila yoyote. Ndiyo, umesoma vizuri. Anayeweza kukaa mbele ya mashine yako na kibodi anaweza kuingia, isipokuwa umeifunga GRUB kwa nywila yake yenyewe au umezisimba diski.

Agizo ninalolipenda kuliko yote ni panic=10. Bila hilo, kiini kikishikwa na hofu husimama kabisa kikingoja mtu aje. Nalo, husubiri sekunde 10 kisha kuanza upya. Peke yake halitoshi, maana kiini kibovu kitaanza upya na kuanguka tena usiku kucha. Lakini ukiliunganisha na amri ya grub-reboot, lo! Amri hiyo humwambia GRUB ajaribu kiini kipya mara moja tu, na safari inayofuata arudie kilichohifadhiwa. Sharti uwe umeweka GRUB_DEFAULT=saved katika ile faili niliyotaja, nayo saraka ya GRUB isiwe ndani ya diski pacha, kwa kuwa GRUB haiwezi kuandika kumbukumbu yake humo. Kwa mjomba iko kwenye diski ndogo ya pekee, basi inafaa. Siku hizi kiini kipya kikimshinda, mashine huanguka, husubiri, na kuamka na cha zamani bila mtu kunyanyuka kitini.

Jambo jingine dogo lenye faida kubwa liko katika faili ya /etc/fstab. Ikiwa diski za picha hazionekani wakati wa kuamka, kwa kawaida mashine husubiri dakika moja na nusu, kisha hukwama katika hali ya dharura na hutaweza kuifikia kupitia mtandao. Ukiongeza neno nofail kwenye mstari wa diski hizo, itaamka bila picha, nawe utaingia utafute kosa. Tena zitaje diski kwa UUID, si kwa majina ya sda na sdb, kwa sababu majina hayo hubadilika ukichomeka kitu kingine.

Na ikiwa viini vyote vimekataa? Hapo ndipo flashi ya uokoaji inapohitajika. SystemRescue ni mojawapo ya mifumo kamili ya Linux inayokaa kwenye flashi na kuamka bila kugusa diski zako. Hata flashi ya kusakinishia Debian ina sehemu ya uokoaji. Ukiamka nayo unaufungua mfumo wako mgonjwa, unaingia ndani yake kwa amri ya chroot, na unatoa amri zile zile za update-initramfs na update-grub.

Hapa pana hatari mbili ambazo nataka wanachama wenzangu wazikumbuke. Usiendeshe fsck kwenye mfumo wa faili uliofunguliwa kwa kuandikwa, utauharibu. Na ikiwa diski ni pacha, usiendeshe fsck kwenye pacha mmoja. Endesha kwenye kile kifaa cha pamoja, kwa mfano /dev/md0. Ukimtibu mmoja peke yake, hawatafanana tena.

Hali ya mapacha huonekana katika faili ya /proc/mdstat. Ukiona [UU] wote wako hai. Ukiona [U_] mmoja ameondoka, na picha zako zimebaki kwenye diski moja tu. Diski mpya ikiwekwa, kunakili terabaiti 1 kwa kasi ya megabaiti 100 kwa sekunde huchukua sekunde 10,000, yaani karibu saa tatu, na kwa kweli huzidi hapo kwa sababu kasi hupungua kuelekea katikati ya sahani. Saa hizo ndizo diski iliyobaki hufanyishwa kazi ngumu kuliko siku zote. Ndiyo maana ni vyema kuichunguza mapema kwa smartctl, hasa idadi ya sehemu zilizohamishwa na zile zinazosubiri kuhamishwa. Idadi ikipanda wiki hadi wiki, usingoje.

Diski inayokufa isikaguliwe wala isitengenezwe kwanza. Inakiliwe. Programu ya ddrescue husoma sehemu nzima kwanza, huziruka mbovu na kuzirudia baadaye, na huweka ramani ya ilipofikia ili ukatizwapo na stima uendelee ulipoachia. Kisha fanya kazi kwenye nakala. TestDisk hutafuta vigawanyo vilivyopotea. PhotoRec hutafuta picha kwa alama zake, kwani kila picha ya JPEG huanza na baiti zile zile, FF D8, lakini majina ya faili hayarudi. Hebu fikiria harusi za miaka 11 zisizo na majina!

Isitoshe, mapacha si nakala ya akiba. Mtoto akifuta picha, hufutika kote kwa wakati mmoja. Mjomba sasa ana diski ya tatu ya nje, ambayo hukaa kwa shangazi na kuletwa kila mwisho wa mwezi. Flashi ya uokoaji iko kwenye droo, na huwa tunaijaribu kila likizo. Pamoja nayo kuna karatasi yenye UUID na nambari ya kiwandani ya kila diski, na herufi nne za mwisho za nambari hizo zimebandikwa kwa selotepu kwenye diski zenyewe, ili siku ya kung'oa iliyokufa mtu asije akang'oa iliyo hai.