Filamu yako ni moto, lakini jina lake je?

UMEREKODI, umehariri na sauti iko shwari. Limebaki jina tu. Hapo ndipo wanafunzi wengi wa filamu huharakisha: jina linaokotwa usiku wa mwisho, nazo herufi ni zile za kwanza kwenye programu ya kuhariri.

Hiyo ni hasara. Huna nyota wa kuvuta watu wala pesa za matangazo. Jina na herufi zake ndiyo matangazo yako.

Angalia filamu za hapa nyumbani. Pumzi ya Wanuri Kahiu (2009) ni fupi, dakika 20 hivi, kama kazi nyingi za wanafunzi. Jina ni neno moja, na linabeba hofu yote ya dunia iliyoishiwa na maji. Kati Kati ya Mbithi Masya (2016) inahusu watu waliokufa lakini hawajavuka. Ukishaielewa hadithi, jina linakukamata mara ya pili. Nayo Supa Modo ya Likarion Wainaina (2018), kuhusu msichana mgonjwa anayetamani kuwa shujaa, imeandikwa vile watu hutamka. Kabla hujaona chochote, unasikia sauti ya mtoto.

Lako lipime hivi: mtajie rafiki mara moja tu, mkiwa steji penye kelele. Akiuliza "ati nini?", fikiria tena. Kisha litafute mtandaoni. Ukiita filamu "Ndoto" au "Maisha", itazama kati ya nyingine kibao.

Twende kwa herufi. Mkenya hahitaji kufunzwa kwamba herufi zina sauti. Nganya yenye maandishi ya grafiti hupiga kelele hata injini ikiwa imezimwa. Maneno ya kanga, kwa herufi kubwa zisizo na madoido, husema polepole na bado yanauma. Hadithi ya msiba ikivaa herufi za nganya, mtazamaji atangoja fujo na kuhisi amechezwa.

Ukipata fonti unayoipenda, kagua haya:

- Je, jina linasomeka bango likipunguzwa hadi ukubwa wa kidole gumba kwenye simu?
- Je, linaonekana juu ya picha yenye mwanga na yenye giza?
- Kama jina ni la Kikuyu, je, fonti ina ĩ na ũ? Nyingi hazina, na utaachwa na visanduku vitupu.
- Leseni inasemaje? "Bure" mara nyingi ni kwa matumizi ya kibinafsi tu. Zile za Google Fonts unaweza kutumia hata kwa kazi ya kuuza.

Bado unayumba kati ya majina mawili? Tengeneza mabango mawili yanayofanana, jina tu likiwa tofauti. Waonyeshe wanafunzi wa darasa jingine na uulize: filamu hii inahusu nini? Jina linaloleta majibu yaliyo karibu na hadithi yako ndilo la kuchukua, hata kama moyo wako uko kwa lile jingine.