Wimbi Halichagui Sikio
Skana, mawasiliano ya polisi, na mipaka ya usiri hewani

Ichukuliwe kwamba usiku mmoja wa msimu wa korosho, katika kata ya Mkotokuyana wilayani Nachingwea, lori lililopakia magunia ya wizi linakimbia kuelekea Ruangwa. Askari aliye barabarani anabonyeza kitufe cha simu yake ya upepo na kuwaarifu wenzake mambo matatu: namba ya gari, njia linayopita, na jina la mwanakijiji aliyetoa habari. Kabla hajafumba na kufumbua, maneno yake yamekwisha kumfikia mkuu wa zamu kituoni. Lakini je, yamemfikia yeye peke yake?

Mtu asiyejua mambo ya redio huenda akadhani kuwa maneno hayo yamepita katika njia nyembamba baina ya watu wawili, mithili ya barua iliyofungwa kwa lakiri. Sivyo ilivyo. Antena ya simu hiyo hutawanya mawimbi pande zote, kama taa ya chemli inavyotawanya mwanga. Aliyekusudiwa na asiyekusudiwa huangaziwa sawasawa.

Jinsi wimbi linavyosafiri

Simu nyingi za upepo zinazochukuliwa mkononi hutumia masafa ya juu sana, kama vile megahezi 150. Kwa kuwa mawimbi ya redio huenda kilometa 300,000 kwa sekunde, urefu wa wimbi moja katika masafa hayo ni meta 2. Antena iliyo robo ya urefu huo, yaani sentimeta 50, hulirusha na kulipokea vizuri.

Mawimbi ya namna hii husafiri takriban katika mstari ulionyooka, na upeo wa macho huyawekea mpaka. Mafundi hukadiria umbali wake hivi: chukua kipeuo cha pili cha kimo cha kila antena kwa meta, ujumlishe vipeuo hivyo viwili, kisha uzidishe kwa 4.12. Jibu ni kilometa. Askari wawili wanaoshika simu zao meta 1.5 juu ya ardhi tambarare wataweza kusikizana kwa takriban kilometa 10, na pungufu ya hapo penye miti mingi. Mlingoti wa kituo ukiwa na meta 30, umbali huongezeka hadi kilometa 28 hivi.

Ili kuvuka mpaka huo, mtambo wa kurudia huwekwa juu ya kilima. Mtambo huo huipokea sauti dhaifu ya askari na kuirusha upya kwa nguvu. Hapo ndipo penye kitendawili: chombo kinachomwezesha askari wa mbali kumsikia mwenzake ndicho kinachomwezesha pia msikilizaji wa mbali asiyehusika. Kilima chenye meta 100 hupeleka sauti hadi kwa mtu aliye umbali wa kilometa 46.

Skana hufanyaje kazi

Skana ni redio ya kupokelea tu. Haina uwezo wa kusema. Tofauti yake na redio ya nyumbani ni kwamba hupekua masafa mengi mfululizo bila ya kuguswa. Ndani yake mna saketi inayozalisha wimbi la msaada. Kwa mfano wa hesabu tu, skana ikitaka kusikiliza megahezi 155 huzalisha wimbi la megahezi 144.3. Mawimbi hayo mawili yakichanganywa, tofauti yake huwa ni megahezi 10.7, na sehemu zote zinazofuata za mtambo zimetengenezwa kushughulikia tofauti hiyo moja. Wimbi la msaada likibadilishwa kidogo, skana huhamia kituo cha pili, kisha cha tatu, makumi ya vituo kwa sekunde. Inapokuta wimbi lenye nguvu husimama na kuliachia lisikike; wimbi likikatika, huendelea na upekuzi wake.

Zamani kila kituo kilihitaji kipande chake cha fuwele, na skana ilikuwa chombo cha watu wachache. Siku hizi kompyuta ndogo hufanya kazi hiyo. Mwaka 2012 ilijulikana kwamba hata kipokezi cha bei ndogo kilichotengenezwa kwa ajili ya kutazamia televisheni kwenye kompyuta huweza kugeuzwa kuwa redio ya kupekua masafa mengi. Uhaba wa vyombo, uliokuwa ukizisaidia serikali kulinda siri, ukawa umekwisha.

Historia fupi

Wasikilizaji wasioalikwa walikuwapo tangu mwanzo. Polisi wa Detroit, Marekani, walianza kutumia redio mwaka 1928. Magari yao yaliweza kusikia tu. Askari alipotaka kujibu ilimbidi atafute simu ya waya. Masafa yao yalikuwa jirani na yale ya matangazo ya kawaida, hivyo wenyeji wengi waliwasikiliza kwa redio zao za nyumbani. Mwaka 1933 polisi wa mji wa Bayonne, New Jersey, walipata redio za kusema na kusikia ndani ya magari. Mwaka 1940 askari wa jimbo la Connecticut wakawa na mtandao wa jimbo zima uliotumia mfumo wa FM, ambao hupunguza makelele ya radi na injini.

Afrika Mashariki nayo iliujua mapema uzito wa jambo hili. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza, manowari ya Kiingereza Astraea iliushambulia mnara wa redio wa Wajerumani mjini Dar es Salaam tarehe 8 Agosti 1914. Mnara wa Bukoba ulibomolewa katika uvamizi wa Juni 1915. Hata hivyo, siri haivuji hewani tu. Waingereza walipokuwa wakiitafuta manowari ya Kijerumani Königsberg, ni nyaraka zilizokamatwa ndani ya meli Präsident huko Lindi, Oktoba 1914, zilizowaonyesha kwamba makaa ya mawe yalikuwa yakipelekwa Rufiji, nako ndiko ilikokuwa imejificha. Kilichoifichua ni karatasi.

Kufuli la hesabu

Kwa kuwa wimbi haliwezi kuzuiwa lisienee, dawa ni kuyafumba maneno yenyewe. Katika mitambo ya kidijiti, kama ule wa kiwango cha TETRA kilichotolewa Ulaya mwaka 1995, sauti hugeuzwa kuwa tarakimu, na tarakimu hizo huvurugwa kwa kanuni inayotegemea ufunguo. Asiye na ufunguo husikia mvumo tu.

Ubora wa kufuli hutegemea wingi wa funguo zinazowezekana. Ufunguo wa biti 80 una uwezekano unaozidi 1 yenye sifuri 24 mbele yake. Kompyuta inayojaribu funguo milioni moja kwa sekunde ingehitaji zaidi ya miaka bilioni 38 kuzimaliza. Lakini mwaka 2023 watafiti wa Uholanzi walitangaza kwamba mojawapo ya kanuni za TETRA, iitwayo TEA1, ilikuwa ikiupunguza kwa siri ufunguo wake wa biti 80 hadi biti 32. Funguo za biti 32 ni bilioni 4.3 tu, na kompyuta ile ile ingezimaliza kwa muda wa dakika 72. Kanuni hiyo ilikuwa imefichwa isichunguzwe na wataalamu wa nje, na kwa kufichwa huko kasoro yake ikadumu miaka mingi.

Nani anastahili kusikia?

Sayansi ikimaliza kusema, sheria huanza. Katiba ya Tanzania, katika ibara ya 16, inahifadhi mawasiliano binafsi ya kila mtu. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 inakataza kunasa mawasiliano bila ya idhini ya kisheria, na masafa yote husimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Uingereza nayo hukataza kusikiliza ujumbe usiokusudiwa msikilizaji. Marekani imefuata njia nyingine: sheria yake ya shirikisho ya mwaka 1986 inaruhusu kusikiliza redio za polisi zisizofumbwa, na waandishi wa habari wamezitumia kwa miaka mingi kufuatilia kazi za polisi. Miji kadhaa ya huko ilipoanza kuzifumba, mjadala mkali ulizuka. Chicago ilichagua njia ya kati: wananchi huweza kusikiliza baada ya kuchelewa dakika 30, muda ambao mhalifu hawezi kufaidika nao lakini mkaguzi hajapoteza kitu.

Ufumbaji nao una gharama yake. Vikosi viwili vyenye funguo au masafa tofauti huwa kama viziwi wawili. Baada ya shambulio la Westgate jijini Nairobi, Septemba 2013, ambamo watu 67 waliuawa, taarifa zilitaja ukosefu wa mawasiliano ya pamoja baina ya polisi na wanajeshi kuwa miongoni mwa kasoro za operesheni ile.

Basi arejewe yule mwanakijiji wa Mkotokuyana. Iwapo jina lake lilitamkwa hewani bila ya kufumbwa, usalama wake unategemea bahati tu. Sheria humwadhibu msikilizaji akishikwa, wala haiwezi kulirudisha neno lililokwisha kutoka. Ufunguo imara humlinda zaidi. Lakini kinga iliyo bora kuliko zote haihitaji mtambo: askari asilitaje jina lisilolazimu kutajwa.

Maswali ya darasani

1. Kituo cha matangazo hutumia megahezi 100. Tafuta urefu wa wimbi lake na urefu wa antena iliyo robo ya wimbi hilo.
2. Mlingoti una meta 64 na redio ya msikilizaji ipo meta 1 juu ya ardhi. Kadiria umbali wa kusikika.
3. Jadilini: je, kuchelewesha matangazo ya polisi kwa dakika 30 kunatosha kumlinda shahidi ambaye jina lake limetajwa?