Kujifunza ubao wa magurudumu ukiwa mtu mzima



Vijana wanaorudi hapa kambini kutoka Kampala wamekuja na mchezo wa ubao mfupi wenye magurudumu manne. Mjini unaitwa skeitibodi. Mtu anausimamia, anasukuma ardhi kwa mguu mmoja, kisha anateleza. Watoto wamekwisha kuuzoea. Wanaokuja kutuuliza ni kaka na dada zao, wenye miaka ishirini na kuendelea, na swali lao ni moja: je, mtu wa umri huu anaweza kuanza bila kuvunjika?

Anaweza. Lakini asianze kama mtoto anavyoanza. Mtoto ni mwepesi, yuko karibu na ardhi, akianguka analia kidogo na kuamka. Wewe ukivunjika mkono hulimi, hubebi maji, hupati kibarua, na nyumbani wanakutegemea. Kwa sababu hiyo ukurasa huu utaeleza zaidi habari ya kuanguka kuliko habari ya kuteleza.

Kosa la Kasubi

Mimi ninayeandika habari hii nilianza nikiwa na miaka 24. Nilikuwa nimepanga chumba Kasubi, upande wa kaskazini-magharibi wa Kampala, nikifanya kazi ya kubebea mafundi matofali. Anayeijua Kasubi anajua kwamba ni kilima. Juu yapo Masiro, makaburi ya Makabaka wanne wa Buganda: Muteesa wa Kwanza, Mwanga wa Pili, Daudi Chwa wa Pili na Muteesa wa Pili. Chini inapita barabara ya Hoima, yenye soko, takisi, bodaboda na malori. Katikati ni vichochoro vya udongo mwekundu na vipande vya lami vinavyoshuka kwa kasi.

Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachomfaa mtu anayeanza. Kwenye udongo magurudumu hayaendi. Kwenye barabara kuu utagongwa. Mimi nilichagua kipande cha lami chenye mteremko, jioni, kwa sababu kilikuwa laini. Ubao ulikimbia kuliko miguu yangu. Nilinyosha mkono wa kulia ili kuipokea ardhi, na mfupa ukavunjika karibu na kifundo.

Nilikaa na plasta wiki sita. Hapakuwa na gari lililonigonga wala mtu aliyenisukuma. Kosa lilikuwa langu mwenyewe. Wiki zote hizo nilikula kwa mkopo wa mama mwenye duka, na deni lile nililimaliza baada ya miezi minne. Naandika haya ili ujue ni nini hasa unachokiweka hatarini.

(Jambo moja kwa wanaokwenda Kasubi: msipeleke mchezo huu mlangoni pa Masiro, hata kama mteremko unavutia. Pale ni patakatifu. Nyumba kuu ya makaburi iliungua tarehe 16 Machi 2010, na wenyeji hawajasahau uchungu wa siku ile. Sisi ni wageni.)

Kitintale

Plasta ilipotolewa nikaelekezwa Kitintale, upande wa pili wa mji, kwenye barabara ya kwenda Port Bell. Kutoka Kasubi ni zaidi ya kilomita 10: unapanda takisi mpaka katikati ya mji, halafu nyingine ya kwenda Luzira. Hapo, mwaka 2006, vijana wa mtaa walichanganya saruji kwa mikono yao na kujenga uwanja wa mchezo huu, wenye kuta zilizopinda kama bakuli. Mmoja wa walioongoza kazi hiyo ni Jackson Mubiru. Uwanja huo hutajwa kuwa wa kwanza wa aina yake katika Afrika Mashariki. Baadaye, mwaka 2013, Nairobi nayo ilipata wake, kwenye kituo cha watoto cha Shangilia huko Kangemi, na mwaka 2016 Addis Ababa ikafuata.

Mwalimu wangu wa kwanza alikuwa mtoto wa miaka kumi hivi. Aliniita mzee. Alinicheka, kisha akanishika mikono yote miwili na kunivuta polepole kama mtu anayemfundisha ndugu yake mdogo kutembea. Nakuambia ukweli, ndugu msomaji, aibu ile ilikuwa nzito kuliko maumivu ya mkono. Nimewaona vijana wengi wakiacha siku ya pili, na si kwa sababu ya jeraha. Mtu aliyezoea kuheshimiwa na wadogo zake hapendi kukaa chini mbele yao akipangusa vumbi. Kama na wewe uko hivyo, anza alfajiri kabla watu hawajaamka, lakini usianze peke yako. Awepo mtu mmoja wa kukuinua.

Na kama mtu atakuambia umechelewa, mweleze habari ya Dallas Oberholzer wa Afrika Kusini. Mchezo huu ulipoingizwa katika Olimpiki kwa mara ya kwanza, kule Tokyo mwaka 2021, yeye alishindana akiwa na miaka 46. Mwaka 2024 alikwenda tena Paris, akiwa na miaka 49.

Ujue kwanza ubao wenyewe

Ubao mzuri ni wa tabaka saba za mbao nyembamba zilizogandishwa pamoja. Juu umebandikwa msasa ili kiatu kisiteleze. Chini una ekseli mbili za chuma, magurudumu manne, na belingi nane, yaani mbili kila gurudumu. Kila ekseli imekaa juu ya vipande vya mpira. Hapo ndipo ilipo siri ya ubao kukata kona: ukiegemea upande wa vidole, mpira unabonyea, ekseli inageuka, na ubao unakwenda upande huo. Ukiegemea visigino unakwenda upande wa pili. Nati ya katikati ikikazwa sana ubao haukati kona; ikilegea sana unayumba. Anayeanza aikaze kidogo kuliko wazoefu.

Katika masoko ya mitumba, kama Owino, unaweza kukuta mbao zilizotumika. Usinunue ile yenye ekseli za plastiki; hiyo ni ya kuchezea watoto wadogo, nayo itakatika chini ya uzito wako. Panda juu yake hapohapo dukani. Zungusha kila gurudumu kwa kidole: likizunguka muda mrefu bila kelele, belingi ni nzima. Likikwaruza, omba punguzo. Tazama kama ubao una ufa karibu na skurubu.

Kama umetoka Kivu, umeshajua nusu

Ndugu zetu wa Kivu ya Kaskazini wamekua wakiona chukudu, ile baiskeli ya mti isiyo na pedali inayobeba viazi na makaa katika njia za Goma. Goma wameisimamishia hata sanamu, mwaka 2009. Aliyewahi kusukuma chukudu ameshajifunza jambo gumu kuliko yote, nalo ni kuuacha uzito wake wote juu ya mguu mmoja huku mwingine ukisukuma. Ule mguu uliozoea kubaki juu ya chukudu, uweke mbele kwenye ubao. Kama hukuwahi kusukuma chukudu, simama miguu sawa na umwombe mwenzako akusukume kidogo mgongoni bila kukuonya. Mguu utakaoutoa kwanza, ujaribu huo mbele. Ukiona hukai vizuri, badilisha. Kuna watu wa kushoto na wa kulia, na hakuna aliyekosea.

Tofauti ni kwamba chukudu ina usukani wa kushika na ubao hauna. Mikono yako haina kazi, na mwili hupenda kuirusha hewani. Iache ining'inie karibu na kiuno.

Siku za kwanza weka ubao juu ya majani au udongo laini, mahali ambapo hauwezi kwenda popote. Panda na kushuka mara hamsini. Mguu wa mbele ukae juu ya skurubu za mbele, wa nyuma juu ya skurubu za nyuma. Kunja magoti. Kisha nenda kwenye saruji tambarare, sukuma mara moja, weka mguu, teleza mpaka ubao usimame wenyewe. Usisukume mara ya pili kabla ya kusimama. Wengi huanguka chali, kwa kuwa wanaogopa na kurudisha uzito nyuma. Ubao unachomoka mbele na wao wanabaki. Dawa yake inaonekana ya ajabu lakini ndiyo hiyo: ukiogopa, egemea mguu wa mbele.

Kusimamisha ubao ni kushusha mguu wa nyuma na kuburuza soli chini polepole. Jifunze hilo kabla ya kukata kona. Kuruka na ubao, ambako mjini wanaita oli, kuache kwa miezi kadhaa. Nusu saa kila siku inafaa kuliko Jumapili nzima, kwa maana miguu ikichoka haikusikii tena.

Kuanguka

Takwimu zilizotolewa Marekani zilionyesha kwamba theluthi moja ya wanaoumia kwenye ubao ni watu ambao hawajamaliza wiki ya kwanza. Na kiungo kinachovunjika mara nyingi kwa anayeanza ni kifundo cha mkono. Sababu nimekwisha kuieleza: mtu ananyosha mkono, uzito wake wote unashuka juu ya mifupa midogo ya kiganja.

Kwa hiyo, kabla ya kupanda ubao hata mara moja, jifunze kuanguka bila ubao. Tafuta godoro au rundo la maganda ya maharage. Chuchumaa, kunja viwiko, vuta viganja kifuani, kidevu karibu na kifua, kisha jiangushe ubavuni na ubingirike. Anguka kwa nyama, usianguke kwa mfupa: paja, tako, nyuma ya bega. Fanya hivyo asubuhi na jioni siku tatu, mpaka mwili ufanye wenyewe bila kuuliza. Wenzako watacheka. Waache.

Ukiwa na mwendo mdogo, ni afadhali kuruka mbele na kukimbia hatua tatu kuliko kupigana na ubao unaoyumba. Na fagia mahali pako kila mara. Kokoto ndogo kama punje ya mahindi inatosha kulifunga gurudumu. Ubao unasimama palepale na wewe unaendelea.

Kichwani vaa kofia ngumu ya baiskeli. Ya bodaboda ni nzito na inaziba masikio, lakini ni bora kuliko kichwa kitupu. Vipande vya godoro vikifungwa kwa mpira wa ndani wa tairi vinalinda magoti na viwiko vizuri kabisa. Dada wanaofunga kitenge wavae suruali ndani na kukivua kile kitenge wakati wa kucheza, kwa kuwa pindo huingia kwenye gurudumu.

Ukiumia

Mchubuko osha kwa maji safi na sabuni siku hiyohiyo. Kama jeraha lina kina au limeingia uchafu, nenda zahanati uulize habari ya sindano ya pepopunda.

Mkono ukivimba, au ukiuma chini ya kidole gumba hata bila kuvimba sana, ufunge kwa kipande cha mbao na kitambaa usicheze, kisha nenda zahanati. Usianzie kwa mtu wa kukanda. Tunawaheshimu wazee wanaokanda, lakini mfupa mdogo wa pale chini ya kidole gumba ukivunjika huonekana kwa picha tu, na ukikandwa unaweza kukuharibia mkono kwa maisha yako yote. Aliyepiga kichwa naye, akitapika, akisinzia ovyo au akisema maneno yasiyoeleweka, apelekwe mara moja, hata kama ni usiku.

Hapa kambini

Shirika haligawi mbao hizi wala halina mpango wa kuzigawa. Tafadhali msije ofisini kuziomba. Anayekwenda mjini kutafuta ubao achukue kitambulisho chake, amwarifu kiongozi wa kijiji, na asisahau siku ya kugawiwa chakula, kwa kuwa hatumwekei mtu fungu lake kwa sababu ya mchezo.

Mahali panapofaa ni sakafu ya saruji tu. Sakafu ya banda la kugawia chakula ni tambarare na pana, na siku zisizo za mgao huwa tupu baada ya saa kumi jioni. Mwombeni mlinzi kwanza. Mafuta yaliyomwagika siku ya mgao hubaki sakafuni kwa siku mbili hivi na kuteleza vibaya, basi nyunyizeni majivu na kufagia kabla ya kupanda. Mkimaliza, fagieni tena, maana kesho yake akina mama wataketi hapo chini.