Picha yako na jina lako: hakikisha kabla ya kuondoka kwenye kiti



Kila familia iliyokimbia vita kutoka Masisi, Rutshuru, Djugu ao Fizi inaijua kazi ya kuandikishwa. Mnasimama kwenye mstari tangu asubuhi, mnaitwa mmoja mmoja, kila mtu anakaa kwa zamu yake kwenye kiti cha plastiki. Mbele yake kuna kamera, na kutoka kwenye kamera waya unashuka mpaka kwenye kompyuta iliyo juu ya meza. Ajenti anauliza jina, anabonyeza, mwanga unamulika, kisha anaita: "Mwingine!"

Kazi hiyo ni ya dakika chache, lakini picha inayopigwa hapo itakufuata miaka mingi. Kwa picha hiyo utatambuliwa siku ya kugawa chakula. Kwa picha hiyo jamaa anaweza kumpata mtoto aliyepotea. Na ikiingia mikononi mwa watu wabaya, inaweza kuwaonyesha mahali ulipo.

Ndiyo sababu tumeona vema kueleza hapa namna kamera na kompyuta zinavyofanya kazi pamoja. Neno kubwa ni moja: kwa sababu ya waya ule, picha yako inaonekana kwenye kompyuta palepale, wewe ukiwa ungali umekaa. Huo ndio wakati wako wa kuhakikisha. Ukisha kuondoka, kusahihisha kunakuwa safari ya kwenda na kurudi.

Waya ule unafanya nini?

Kamera isiyofungwa kwenye kompyuta inaweka picha ndani ya kadi ndogo iliyo tumboni mwake. Mpiga picha anaweza kupiga watu mia moja, na jioni anahamisha picha zote kwenye kompyuta na kuanza kutafuta kila sura ni ya nani. Hapo anategemea daftari: picha ya 37 ni ya mtu wa 37. Lakini kama mtu wa 20 alifumba macho akapigwa mara mbili, hesabu inaruka. Kuanzia hapo kila sura inapewa jina la jirani yake.

Kamera iliyofungwa kwenye kompyuta haingoji jioni. Kwanza ajenti anafungua fishi yako kwenye kompyuta: jina, mwaka wa kuzaliwa, kijiji cha asili, watu wa nyumba yako. Kisha anaiamuru kamera kwa kubonyeza kompyuta yenyewe. Picha inapita ndani ya waya na kuingia katika fishi ambayo iko wazi wakati huo, na programu inaipa namba ya fishi hiyo. Hivyo sura na jina vinafungwa pamoja tangu mwanzo.

Jambo lingine la kujua: kazi hii haihitaji intaneti. Watu wengine wanaogopa kwamba mwanga ukimulika tu, picha imekwisha kufika kwa wakubwa wa mbali. Sivyo. Kwenye hema pasipo mtandao, picha inabaki ndani ya kompyuta ile mpaka mtu aitoe ao aitume. Lakini siku yoyote inaweza kutolewa ao kutumwa. Kwa hiyo swali la maana ni: nani ataitoa, na ataipeleka wapi? Tutalirudilia hapa chini.

Jambo hili si geni kwetu

Wakongo wengi waliona mtambo wa namna hii mara ya kwanza wakati wa kuandikisha wapiga kura, kazi iliyoanza Kinshasa mwezi wa Juni 2005. Tume ya uchaguzi ya wakati ule ilipeleka katika nchi nzima masanduku yenye kompyuta, kamera, chombo cha kuchukua alama za vidole na mashine ya kuchapisha. Mtu alipigwa picha akatoka na karte yake mkononi. Watu zaidi ya milioni 25 waliandikishwa kabla ya uchaguzi wa Julai 2006. Kwa wengi wetu karte ya uchaguzi imekuwa pia karte ya utambulisho, kwa kuwa hatukuwa na nyingine.

Karte hizo zimetufundisha jambo moja. Nyingi kati ya zile zilizotolewa mwaka 2023 zilianza kufutika upesi, sura na maandishi, na tume ililazimika kutoa nakala nyingine. Hiyo iliwezekana kwa sababu karatasi ni kitu kimoja, na fishi iliyo ndani ya kompyuta ni kitu kingine. Karatasi ikilowa, ikichomwa ao ikipotea njiani, fishi inaweza kubaki. Mwanzoni mwa 2025, kambi kubwa zilizokuwa kandokando ya Goma zilipovunjwa, familia ziliondoka na kile zilichoweza kubeba. Anayepoteza jetoni katika hali kama hiyo, tumaini lake ni fishi yenye jina sahihi na sura sahihi.

Makosa mawili ya kuangalia

Kosa la kwanza ni fishi ya mtu aliyetangulia kubaki wazi. Waya hauna akili: unapeleka picha kwenye fishi inayoonekana, hata kama si yako. Ajenti akiwa amechoka, ao mtu akimsemesha, anaweza kupiga picha yako kabla ya kufungua fishi yako. Sura yako inakaa juu ya jina la mama aliyekutangulia.

Siku hiyo hakuna anayeona. Inaonekana siku ya kugawa. Mama anatoa jetoni yake, kompyuta inaonyesha sura ya mtu mwingine, na anatolewa kwenye mstari mbele ya watu wote. Wengine wanasema ameiba jetoni. Kama ametoka teritware nyingine ao anasema lugha nyingine, maneno hayaishii kwake: "Watu wa kule ndivyo walivyo." Yeye naye anasema raisi wa kambi ameuza nafasi yake. Kwa hiyo kidole cha ajenti kilichokosea siku moja kinaweza kuleta ugomvi kati ya jamaa mbili ambazo zilikuwa zinachota maji kwenye bomba moja.

Kosa la pili ni sura kuwa nyeusi mno. Kamera inapima mwanga wa kila kitu inachokiona. Ukikaa mbele ya bashe nyeupe inayopigwa na jua, ao ukiacha mlango wa hema wazi nyuma yako, kamera inafikiri kwamba kuna mwanga wa kutosha na inaupunguza. Bashe inatoka vizuri. Sura ya mtu mweusi inakuwa kivuli kisicho na macho wala kinywa. Chini ya bashe ya bluu, sura inatoka na rangi ya bluu. Picha ya namna hii haimsaidii mtu kutambua mtu.

Dawa yake ni rahisi. Kiti kigeuzwe ili mwanga uje kutoka mbele ao kando, si kutoka nyuma. Nyuma ya kiti iwekwe nguo ya rangi moja isiyong'aa. Kamera iwe kwenye kimo cha macho ya mtu aliyekaa, si juu ya kichwa chake. Na kwa kuwa kuna waya, hakuna sababu ya kubahatisha: picha inaonekana papo hapo, na ikiwa mbaya inapigwa tena. Hakuna filamu inayoharibika. Mtu asione haya kuomba picha ya pili.

Kwa wamama wanaojifunika kichwa: kinachotafutwa ni sura, kutoka paji la uso mpaka kidevu. Kitambaa kinaweza kubaki kichwani, mradi kisifunike sura. Mama akiona ni vema apigwe na ajenti mwanamke, ana haki ya kuuliza kama yupo.

Picha inaenda wapi?

Tusidanganyane: picha za watu wanaokimbia zina hatari zake, hata zikiwa mikononi mwa mashirika makubwa. Mwezi wa Juni 2021, shirika la Human Rights Watch lilitangaza kwamba habari za wakimbizi Warohingya walioandikishwa Bangladesh zilifika mikononi mwa serikali ya Myanmar, ile waliyoikimbia, na kwamba wengi hawakuelezwa vizuri. HCR ilijibu kwamba watu waliulizwa wakakubali. Mwezi wa Januari 2022, Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, yaani CICR, ilitangaza kwamba wezi wa kompyuta walikuwa wameingia katika habari za watu zaidi ya 515,000. Kati yao walikuwa watu waliopotea na jamaa zao wanaowatafuta.

Hatusemi hayo ili watu wakatae kuandikishwa. Asiyeandikishwa anaweza kukosa msaada, na mtoto asiyejulikana ni vigumu kurudishwa kwao. Tunasema ili watu waulize. Katika nchi yetu, sheria ya mambo ya numeriki, ile inayoitwa kwa Kifaransa Code du numérique, ilitiwa sahihi tarehe 13 Machi 2023. Sheria hiyo inampa mtu haki ya kujua habari zake zinatumiwa kwa kazi gani, na haki ya kuomba zisahihishwe.

Maswali haya manne yanatosha, na ajenti mwema hatakasirika:

1. Picha hii ni ya kazi gani: chakula, kutafuta jamaa, ao gazeti la shirika?
2. Nani ataiona nje ya shirika lenu?
3. Nikikataa picha ya gazeti, je, nitaendelea kupata msaada? Jibu linapaswa kuwa ndiyo.
4. Nikiona kosa baadaye, nimwone nani, na wapi?

Swali la tatu lina uzito. Picha ya fishi na picha ya kuonyesha wafadhili ni mambo mawili. Kukubali moja si kukubali nyingine.

Mtoto asiye na wazazi

Baada ya 1994, watoto Wanyarwanda waliopotezana na wazazi walipigwa picha, na picha hizo zikabandikwa kwenye mbao ili wazazi wapite na kutazama. Hapa kwetu, Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021 na watu wa Goma kukimbilia Sake na Rwanda, mamia ya watoto walipotezana na jamaa zao. Mtoto mdogo hajui jina la ukoo wake wala la grupema yake. Sura yake ndiyo inayosema kwa ajili yake.

Kwa mtoto kama huyo, picha ipigwe mapema, kabla hajabadilisha nguo alizokuwa nazo siku ya kupotea, maana mama anaweza kuzitambua. Alama za mwilini ziandikwe kwenye fishi, zisionyeshwe kwa watu. Na picha hiyo isipitishwe kwenye simu, kutoka kundi moja hadi lingine, pamoja na jina la mahali mtoto alipo. Anayekuja kumchukua anaweza kuwa si mzazi. Mpelekeni kwa Msalaba Mwekundu ao kwa shirika linalolinda watoto, ili anayedai mtoto aulizwe kwanza.

Kazi ya viongozi

Wakuu wa kambi, machifu na wenye kupokea wageni wanaweza kuzuia ugomvi mwingi kwa mambo machache:

- Waombe kompyuta igeuzwe kidogo, ili anayeandikishwa aone fishi yake na sura yake pamoja. Asiyejua kusoma asomewe jina kwa sauti ya chini, maana walio nyuma kwenye mstari hawana haja ya kusikia habari zake.
- Waweke mashahidi wawili karibu na meza, mmoja wa waliohama na mmoja wa wenyeji, mwanamke na mwanaume. Kazi yao si kunakili majina bali kuangalia utaratibu.
- Kila saa ajenti ahesabu: fishi ngapi, picha ngapi. Hesabu zikiachana, kosa litafutwe wakati watu bado wapo.
- Jioni waulize kompyuta inalala wapi, kama ina neno la siri, na kama kuna nakala iliyofichwa mahali pengine. Kompyuta ikiibiwa bila nakala, kambi nzima inaanza upya.
- Mtu mwenye silaha, wa upande wowote, asikae kwenye meza hiyo.

Na wewe unayekaa kwenye kiti, usiinuke mwanga unapomulika. Ngoja, tazama kioo, uone mambo matatu: sura ni yangu, jina ni langu na limeandikwa vizuri, namba ya fishi ndiyo iliyo kwenye jetoni yangu. Yakiwa yote matatu ni sawa, simama, umpishe mwenzako. Kama moja si sawa, sema hapohapo, kwa upole, wakati waya bado umefungwa na fishi yako bado iko wazi.