Vyuma au hogo? Kwa nini watoto wengine hupasuliwa mkono uliovunjika

Hebu fanya jaribio dogo kabla hatujaendelea. Bana kiwiko ubavuni, kikunje, kisha elekeza kiganja juu kama mtu anayepokea kitu. Sasa kigeuze kitazame chini. Bega halikusogea, kiwiko hakikusogea, lakini kiganja kimezunguka karibu nusu duara. Mwendo huo ndio unaokuwezesha kupokea chenji, kupeleka tonge mdomoni, kuzungusha ufunguo na kunawa uso. Na ndio unaopiganiwa hospitalini pale mtoto anapodondoka kutoka mwembeni na kuvunjika mkono chini ya kiwiko.

Hapo kuna mifupa miwili. Wa upande wa kidole kidogo, alna, umenyooka karibu wote. Wa upande wa dole gumba, radiasi, una tao, na ukigeuza kiganja unauzunguka mwenzake kama mkono wa ndoo unavyolala upande huu kisha upande ule. Jaribu kuunyoosha mkono wa ndoo uone kama bado utapita juu ya ndoo. Radiasi nao ukipona bila tao lake, au ukipona umejisokota, kiganja kinagoma kugeuka hata kama kwa macho mkono unaonekana mzuri tu.

Sasa, habari njema ni kwamba mikono mingi ya watoto haihitaji kisu. Mfupa wa mtoto umefunikwa na utando mnene wenye damu nyingi, ambao mara nyingi hauchaniki wote. Upande uliobaki mzima unavishikilia vipande. Wakati mwingine mfupa wenyewe haukatiki kabisa, unapasuka upande mmoja na kupinda upande wa pili, kama ukivunja fimbo mbichi. Daktari anampa mtoto dawa ya kupunguza maumivu au ya usingizi, anavuta na kuunyoosha mkono, anafunga plasta ngumu (hilo hogo tunalolijua), na baada ya wiki sita hivi mfupa umeshika.

Hata ukipona umepinda kidogo, kukua kwenyewe kunasaidia kuunyoosha. Upande unaobanwa unaongezewa mfupa, upande wa pili unapunguzwa. Kazi hii inakwenda vizuri zaidi karibu na kifundo cha mkono, kwa sababu gegedu la ukuaji lililopo hapo ndilo linalochangia takriban asilimia 75 hadi 80 ya urefu wa radiasi. Mtoto wa miaka mitano aliyevunjika karibu na kifundo anaweza kutoka na mkono uliopinda, na baada ya miaka miwili ukapata shida kusema ulivunjika upi. (Nadhani hapa ndipo sifa nyingi za waunga mifupa wa mitaani zinapotoka. Mfupa ulikuwa unajiponya wenyewe!)

Lakini bahati hiyo ina mipaka. Katikati ya mkono, mbali na gegedu, kunyooka ni kwa shida. Baada ya miaka kumi hivi muda wa kukua uliobaki ni mchache. Na mfupa uliojisokota karibu haujirudi kabisa. Mwili unajua kunyoosha, haujui kusokotoa. Katikati ya mifupa hii, mpindo wa digrii 10 haupunguzi sana mzunguko wa kiganja, ila ukifika 20 hasara inaonekana. Kwa hiyo mtoto wa miaka 12 aliyevunjika mifupa yote miwili katikati, na plasta ikashindwa kuishikilia, ni mgombea wa vyuma. Vilevile yule ambaye mfupa umetoboa ngozi: huyo lazima asafishwe kidonda chumba cha upasuaji, na haraka.

Vyuma vyenyewe si vile wengi tunavyovifikiria. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, madaktari wa watoto mjini Nancy, Ufaransa, akiwemo Jean-Paul Métaizeau, walianza kutumia fito nyembamba zinazonesanesa. Kwa mkono wa mtoto unene wake mara nyingi ni milimita 2 hadi 2.5, na kila mfupa unapewa ufito mmoja. Radiasi unaingiliwa kwa tundu dogo juu kidogo ya kifundo, gegedu likiachwa salama. Alna unaingiliwa karibu na kiwiko. Ufito unasukumwa ndani ya uwazi wa uboho huku daktari akitazama eksirei ya papo hapo, unavuka palipovunjika na kwenda hadi upande wa pili. Kabla ya kuuingiza anaukunja kidogo. Ukiwa ndani unataka kurudi kwenye mkunjo wake, na kwa kufanya hivyo unalisukuma tao la radiasi lirudi mahali pake. Ufito wa alna unasukuma upande wa pili, na ule utando uliotandaa kati ya mifupa unakazika. Yaani mkono unajishikilia kwa mvutano.

Ufito ukikataa kupita, daktari mzuri hang'ang'anii. Anafungua kidogo palipovunjika na kuuelekeza kwa macho, maana kuchokonoa mara nyingi kunavimbisha misuli.

Na uvimbe ndio adui mkubwa, uwe umetokana na ajali, upasuaji, hogo lililobana au mabanzi ya mtaani yaliyokazwa kwa kamba. Misuli ya mkono imefungwa ndani ya mifuko isiyotanuka. Shinikizo likipanda humo, damu haipiti, na ndani ya saa chache misuli inaanza kufa. Mjerumani Richard von Volkmann alieleza mwaka 1881 mikono iliyobaki imekunjamana kama makucha baada ya bandeji kubana. Dalili ya mapema ni maumivu yasiyolingana na jeraha: mtoto analia zaidi badala ya kutulia, dawa haimtoshi, na ukimnyoosha vidole taratibu anapiga kelele. Usisubiri vidole viwe baridi. Legeza kilichobana, mrudishe hospitali usiku huohuo.

Fito kwa kawaida hutolewa baada ya miezi sita au zaidi. Wazazi wengi wanataka zitoke mapema, na watoto wanataka kurudi uwanjani hata mapema zaidi, ila mkono ni sehemu inayopenda kuvunjika tena palepale. Katika kipindi hicho angalia pia dole gumba: likishindwa ghafla kuinuka, huenda ncha ya ufito imesugua kano hadi ikakatika, na hilo linahitaji daktari, si mazoezi.